Hajra na Miche ya Mikorosho

Kila asubuhi Hajra alifika shuleni kabla ya wenzake. Alifagia eneo lake, kisha akakaa peke yake nyuma ya tangi la maji mpaka kengele igongwe. Alikuwa ametoka Kiwangwa mwezi Januari kuja kuishi na shangazi yake mjini Bagamoyo na kuanza kidato cha kwanza. Shangazi Zuwena alimpenda, lakini alishinda dukani hadi magharibi. Hajra akirudi nyumbani alikuta chakula kimefunikwa na nyumba iko kimya.

Shuleni upweke ulizidi. Wiki ya kwanza alisimama kusoma Kiingereza, akakosea kutamka, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kunyamaza. Hata na Mina, aliyekaa naye dawati moja, walisalimiana tu.

Siku ya kufunga shule kwa likizo ya wiki moja, Mwalimu Wahida alikuwa na haraka ya kwenda kwenye semina. Alifundisha Kiingereza na kusimamia kitalu cha miche ya mikorosho. Alimpa Hajra kikaratasi, akasema, “Nimekuchagua wewe, unaishi karibu,” akaondoka.

Kikaratasi kiliandikwa: “Hajra, please look after our seedlings.”

Moyo ulimruka kwa furaha. Nyumbani alifungua kamusi. “Seedlings” ni miche. “Look” ni tazama. “After” ni baada ya. Akaunganisha: aitazame miche baada ya likizo. Hata hivyo hakuwa na hakika, akaenda kwa kina Mina kuuliza. Alipofika mlangoni alisikia vicheko ndani. Akasimama kidogo, akageuka akarudi.

Likizo ikapita. Hajra alifua, akapika, akasikiliza watoto wa jirani wakicheza rede. Hakuna aliyemwita.

Jumatatu asubuhi alikwenda moja kwa moja kitaluni. Udongo ndani ya viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, ulikuwa umepasuka. Miche yote sitini ilikuwa imeinamisha vichwa, majani yamekunjamana.

“Hajra!” Mwalimu Wahida alikuwa amesimama nyuma yake. “Hukumwagilia hata siku moja?”

Wanafunzi walikusanyika. Hajra angeweza kusema bomba halikutoa maji. Maji yalikatika mara kwa mara mtaani, na kila mtu angeamini.

“Maji yalikuwepo, mwalimu. Sikuelewa ulichoandika. Nilidhani niitazame baada ya likizo.”

Mtu mmoja akacheka. Mwalimu akamtazama mpaka akanyamaza, kisha akasoma kikaratasi kwa sauti. “Nani mwingine hajui maana yake? Semeni kweli.”

Mina akanyoosha mkono polepole. “Mimi nilidhani ‘look after’ ni kutazama nyuma, mwalimu.” Mikono mingine mitano ikafuata.

“Kumbe,” alisema mwalimu. “Basi sikilizeni. Katika Kiingereza, kitenzi kikiambatana na neno dogo kama hili, maana inaweza kugeuka kabisa. ‘Look after’ ni kutunza. Unatunza mtoto, mgonjwa au mche. Ukitafuta neno mojamoja kwenye kamusi, huipati maana hiyo.”

Mchana Hajra na Mina walibeba maji pamoja.

“Likizo nzima ulikuwa wapi?” Mina aliuliza.

“Nilikuja kwenu. Nikaishia mlangoni.”

Mina aliweka ndoo chini. “Siku nyingine piga hodi, bwana.”

Baada ya wiki mbili miche kumi na tisa ilichipua tena. Kwenye viriba vingine wakapanda korosho upya. Mwalimu Wahida alipokuja kukagua, alichuchumaa karibu na Hajra.

“Kutojua si aibu, mwanangu,” alisema. “Lakini ulificha kwamba hujui, na miche ikafa. Nami nilikukabidhi kazi bila kuhakikisha umeelewa. Wote wawili tumejifunza. Kilichonifurahisha ni kwamba ulisema kweli mbele ya watu waliokuwa wakikucheka. Ukikwama, uliza. Uliza mara mbili, hata mara tatu, na usimwogope anayecheka, maana mara nyingi naye hajui.”