Baiskeli Isiyo na Mtalimbo

Kila siku ya kazi, jua lilipokuwa likichomoza, Mama Katarina alikuwa amekwisha kupika uji, amejifunga kitenge na kushika njia. Viatu alivibeba mkononi, kwa sababu njia ya kutoka kijijini kwao ilifuata mchanga wa kando ya Ziwa Nyasa, na mchanga ule haukuwa na huruma kwa viatu. Alivivaa alipokaribia zahanati, baada ya mwendo wa karibu saa mbili. Kazi yake ilikuwa uhudumu: kufagia, kuchemsha sindano, kupanga kadi za watoto na kuwapima uzito siku za kliniki.

Nyumbani alibaki binti yake Violet, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa darasa la sita. Violet alimwogesha mdogo wake Elias, akampa uji, kisha wakaenda pamoja shuleni, ambako hakukuwa mbali. Baba yao, Tadei, saa hizo ndipo alipokuwa akirudi kutoka ziwani na usipa wake, dagaa wa ziwa lile. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, na hakuna aliyelalamika.

Ikawa mwaka 1989 zahanati ikapata mganga mpya. Wiki yake ya kwanza tu aliwakusanya wafanyakazi, akawaambia kwamba kuanzia mwezi ujao kliniki ya watoto ingeanza saa moja na nusu asubuhi, kwa kuwa akina mama walikuwa wakichomwa na jua wakingoja. Atakayechelewa mara tatu, nafasi yake angepewa mtu anayekaa karibu.

Jioni ile Mama Katarina aliwaambia watu wa nyumbani kwake wakiwa wanakula.

"Basi utatoka saa kumi na moja, giza bado?" Tadei aliuliza.

"Sitaweza. Njia ile ina viboko wakati huo. Nitanunua baiskeli."

Tadei aliacha tonge mkononi. "Nani ataiendesha?"

"Mimi."

"Kwani unajua?"

"Sijui. Nitajifunza."

Violet alicheka, akidhani mama yake anatania. Katika kijiji chao walikuwepo wanaume wanne wenye baiskeli. Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Lakini mama yake hakuwa akitania. Aliuza mpunga aliokuwa ameuweka kwa ajili ya kuezeka nyumba bati, na Jumamosi iliyofuata yeye na Violet walipanda lori la mizigo, wakaliacha joto na mitende ya ziwani, wakapanda milima mpaka Mbinga.

Mbinga kulikuwa na baridi, na Violet alijikunyata ndani ya sweta la kuazima. Lakini alisahau baridi alipoyaona maduka. Miaka michache nyuma, mtu aliyetaka baiskeli alihitaji kibali, na ili upate kibali ilibidi ujuane na watu. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na wafanyabiashara walileta vitu kutoka kila upande: sabuni, redio, mabati, nguo za mitumba. Katika duka moja karibu na soko, baiskeli zilikuwa zimepangwa ukutani kama ng'ombe walioletwa kunywa maji.

Mwenye duka alikuwa Mmatengo mmoja mnene, jina lake Florian.

"Shikamoo, mzee," alisema Violet.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mnamtafutia mzee wa nyumbani?"

"Najitafutia mimi," alijibu Mama Katarina.

Mzee Florian alimtazama kidogo, halafu akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na jambo. "Vizuri. Unatoka wapi na unakwenda wapi kila siku?"

Mama Katarina alimweleza njia yake ya kando ya ziwa, lakini Violet hakuwa akisikiliza. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye baiskeli nyekundu iliyosimama katikati. Ilikuwa na gia, usukani uliopinda, na riboni za rangi zilizoning'inia kwenye vishikio vyake. "Mama, hii! Chukua hii!"

"Hiyo ni nzuri," alisema Mzee Florian, "hasa kwa sisi wa milimani. Ukipanda kwenda Kitura gia zitakusaidia. Lakini ninyi njia yenu ni tambarare. Gia za nini? Unyevu wa ziwani, mchanga wa njiani, vyote vitaingia humu ndani. Zikikorofisha, fundi wake yuko Songea, na hata yeye spea hana." Alikwenda nyuma ya magunia, akatoka na baiskeli nyeusi iliyojaa vumbi. "Tazama hii. Haina gia, ina mnyororo mmoja tu, na umefunikwa, kitenge chako hakitanaswa. Breki zake ni za vyuma. Ina keria. Ikiharibika, hata mtengeneza majembe ataiweza."

"Mbona haina mtalimbo hapa kati ya kiti na usukani?" aliuliza Violet.

"Kwa sababu ni ya kike, na ndiyo sababu imekaa hapa miezi minane. Wanaume wanaona aibu kuipanda. Kwa hiyo naiuza rahisi."

Mama Katarina hakuharakisha. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha na kulitazama kama linayumba. Alibonyeza matairi, akavuta breki, akaomba keria ikazwe mbele yake. Aliona kutu kwenye rimu, akaitaja, na Mzee Florian akampunguzia tena na kumwongezea pampu. Kisha akadai stakabadhi, namba ya fremu ikaandikwa humo. Wakati wote huo Violet alisimama pembeni ya ile nyekundu, amenuna.

Walirudi siku ya pili yake, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya magunia ya mahindi.

Sasa ikabaki kazi yenyewe. Tadei alijitolea kufundisha, ingawa naye hakujua. "Mimi najua mtumbwi," alisema, "na hii nayo ni kukaa sawasawa tu." Alimshika mke wake mara moja, wote wawili wakaanguka pamoja na baiskeli, na tangu hapo akasema mgongo unamuuma. Aliyejua kuendesha alikuwa Violet, aliyejifunza kwa baiskeli ya mjomba wake kule Liuli. Basi ikaamuliwa kwamba kila jioni, mama akirudi kazini, Violet atamfundisha katika uwanja wa mpira.

Siku ya kwanza walikuja watoto watano kutazama. Siku ya pili walikuwa kama thelathini. Mama Katarina alikanyaga pedeli, usukani ukayumba huku na huku, Violet akakimbia nyuma ameshika keria, na kila mama alipoanguka uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama aliinuka, akakung'uta kitenge na kusema, "Tena."

Siku ya tatu, shuleni, Gertruda aliyekaa dawati moja na Violet alipanda juu ya kiti wakati wa mapumziko. Aliyumbisha mikono, akatoa macho, akaanguka sakafuni huku akilia, "Tena! Tena!" Darasa likavunjika mbavu. Violet naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

Jioni ile alimwambia mama yake, "Mwalimu anatupeleka shamba la shule kila jioni. Sitaweza kukufundisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwezi uishe."

Mama aliirudisha baiskeli ndani. Mwezi ukiisha ndipo saa mpya za kliniki zingeanza, na hilo Violet alilijua vizuri. Hata hivyo kesho yake alichukua jembe begani, akaenda kukaa nyuma ya mawe ya ufukweni, akirusha vijiwe majini mpaka jua lilipozama. Alifanya hivyo siku nne. Jembe lilikuwa safi alipoondoka na safi aliporudi, ila mama hakulitazama.

Siku ya tano alikuta kitu tofauti nyumbani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kanga, na kifundo kimevimba. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, usukani umepinda. Karibu nayo alisimama Mwalimu Erasmo, mwalimu wao wa darasa la sita.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Violet kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Nimemkuta mama yako chini pale uwanjani. Alikuwa akijifunza peke yake. Alijaribu kupanda kutoka juu ya jiwe, baiskeli ikamwangukia." Mwalimu alitazama bega la Violet. "Jembe hilo umetoka nalo wapi?"

Violet alimtazama mama yake. Kwa jinsi mama alivyoinamisha macho, alitambua kwamba wawili hao walikwisha kuulizana juu ya shamba la shule.

"Sikuwa shambani," alisema. "Hakuna kazi ya shamba. Nilidanganya."

"Kwa nini?" aliuliza mama.

"Wananicheka, mama. Gertruda anakuigiza darasani." Hapo machozi yakamtoka. "Niliona aibu."

Mwalimu Erasmo aliaga, akawaacha. Violet alingoja fimbo, lakini mama hakuinuka. Alisema tu, "Aibu ilikuwa yako, ila mkono ni wangu. Lete maji ya chumvi uukande."

Violet aliukanda mkono ule jioni ile na siku mbili zilizofuata. Hakuna aliyemwambia afanye nini baada ya hapo. Siku ya tatu, uvimbe ulipopungua, mama alimwomba fundi wa majembe anyooshe usukani. Saa kumi Violet aliitoa baiskeli mwenyewe, akaikokota kupita katikati ya kijiji huku kengele ikilia kwenye mashimo. Wenzake walimfuata wakizomea. Gertruda alikuwa mbele.

"Leo mama yako ataanguka mara ngapi?" aliuliza Gertruda.

Violet alisimama. "Sijui. Mkono wake unamuuma, na mimi peke yangu simwezi. Kama una nguvu ya kuzomea, njoo ushike upande wa pili."

Watoto walimgeukia Gertruda. Alipandisha mabega, akatazama chini, kisha akasema, "Haya." Akaja.

Walimshika Mama Katarina, mmoja kila upande, wakakimbia naye kutoka goli moja mpaka jingine. "Usitazame gurudumu, mama! Tazama mbele!" Violet alipiga kelele. Walikimbia mara sita, kumi, mpaka wakahema kama mbwa. Siku ya pili walifanya vilevile. Siku ya nne Violet alimwonyesha Gertruda ishara kwa kidole, na wote wawili wakaachia kimyakimya.

Mama alikwenda. Alivuka katikati ya uwanja, akapita goli, akaendelea, kwa sababu kukata kona hakuwa amejifunza. Alipotelea katika shamba la mihogo la jirani, mashina yakavunjika, kisha kukawa kimya. Violet alikimbia kwa hofu. Alimkuta mama amekaa chini, majani kichwani, akicheka mpaka machozi.

"Mliniachia tangu wapi?"

"Tangu golini kule!"

"Tena," alisema mama.

Siku ya kwanza ya mwezi Mama Katarina aliondoka kukiwa kumepambazuka. Penye mchanga mzito alishuka na kukokota, penye njia ngumu akapanda. Alifika zahanati kabla ya saa moja na nusu, akafungua mlango, akatundika mizani ya watoto, ndipo mganga akatokea.

Jioni alirudi mapema, akakaa uani kufuta vumbi kwenye baiskeli. Violet alikuja na kitambaa cha pili, wakafuta pamoja.

"Mama, bado umekasirika?"

"Kwa kuona aibu, hapana. Hata mimi niliona aibu kila siku niliyoingia katika uwanja ule, mtu mzima kuchekwa na watoto. Lakini ningeikimbia aibu ile, leo kazi ingekuwa imekwenda. Kilichoniuma ni ule uongo. Ungeniambia kweli kwamba wanakucheka, tungekwenda kujifunza mbali na uwanja, mahali pasipo na watu. Uliponificha, ukanifanya nijifunze bila mtu wa kunishika." Akampa kitambaa akisuuze. "Jambo likikushinda, mwanangu, niambie limekushinda. Hapo tutatafuta njia mimi na wewe."

"Nimesikia, mama," alisema Violet, akaenda kusuuza kitambaa.