Vikombe Vilivyoondoka Kabla ya Wenyewe

Ndugu zangu, nyumba haianguki siku moja. Karakana hii ya ushonaji ilianza kuanguka kwa kikombe kimoja.

Ilikuwa asubuhi tulivu. Mashine bado zimefunikwa, jua limelala juu ya meza ya kukatia. Binti wa mwenye karakana alikuwa akiosha vikombe. Kazi yake ilikuwa chai, vikombe na kushona vifungo. Kila mtu alikuwa na kikombe chake kwenye rafu: cha bati cha baba yake, aliyeitwa Bwana Futi kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni, cha kaka yake, mkataji, cha Mpiga Pasi, cha Mshona Pindo, na chake mwenyewe, kilichovunjika mkono. Siku hiyo cha Mshona Pindo, chenye maua ya bluu, hakikuwepo.

"Kikombe chako kiko wapi, dada?"

"Nimekipeleka nyumbani kikapumzike." Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Binti hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kumeza maneno.

Wiki moja kabla, Mshona Pindo alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia. "Mzee, huu ni mwaka wa nne nashona pindo tu. Nifundishe na kola. Natamani siku moja nishone shati zima."

"Shati zima utashona kaburini," alijibu Bwana Futi bila kuinua macho. "Mimi nilifagia miaka mitatu ndipo nikapewa mkasi. Nani aliniuliza natamani nini?"

Kaka akaingilia. "Baba, sare mia tatu za shule zinakuja. Tukifundishana kazi, mmoja akiumwa mwingine atashika. Tukiikosa oda hii tutafunga milango. Na macho yako siku hizi..."

"Vijana wa sasa, mdomo unakimbia, mikono inachechemea. Umemaliza?"

"Sijamaliza, Baba."

"Umemaliza."

Mpiga Pasi akamnong'oneza binti, "Hapa pasi ina heri kuliko sisi. Yenyewe ikichemka sana inazimwa."

Tangu siku ile hakuna aliyeuliza kitu. Waliingia kwa saa, wakatoka kwa saa. Bwana Futi akafurahi.

"Unaona?" alimwambia binti akipuliza chai. "Wamekomaa. Kelele zimekwisha."

Binti alitazama rafu. Kikombe cha Mpiga Pasi nacho kilikuwa kimeondoka. Akamwongezea baba chai. Ijumaa, cha kaka yake kikafuata.

Jumatatu hawakuja. Hapakuwa na ugomvi wala barua. Kaka aliacha mkasi mezani, umenolewa, umeviringishwa kwenye kitambaa safi.

"Waende," alisema Bwana Futi. "Nilianza peke yangu."

Akatandika kitambaa cha sare, akaanza kukata. Sasa, kitambaa kile kilikuwa na upande wa mbele na wa nyuma, na rangi zilitofautiana kidogo tu. Macho ya mzee hayakuona. Binti aliona.

"Baba, hicho kitambaa..."

"Shona vifungo."

Akashona vifungo. Mkasi ulilia siku nne. Yeye na binti walipoanza kuunganisha, mikono yote mia sita ya mashati ilikuwa ya kushoto, maana ile ya kulia ilikuwa imekatwa kwenye upande wa nyuma wa kitambaa.

Shule ikapeleka oda kwingine, ikadai kitambaa chake. Mashine zikauzwa ili kukilipia. Zilipokuwa zikibebwa nje, Bwana Futi aliketi juu ya meza tupu, futi shingoni, asiwe na cha kupima.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" aliuliza. Binti alikuwa akiosha vikombe viwili vilivyobaki. Baba akamtazama kwa huruma. "Wewe peke yako ndiye mtoto mwenye adabu. Ulibaki."

Binti akakausha kikombe cha bati, akampa chai.

FUNZO

Enyi wazazi na waajiri, kijana anayeuliza bado ana nia ya kubaki. Mwogopeni aliyeacha kuuliza. Kijana wa leo hapigi meza; huchukua kikombe chake. Mateso uliyopitia wewe si urithi wa kumwachia mwanao, na kumfundisha kushona kola hakukupunguzii hata inchi moja ya heshima. Nanyi vijana wenzangu, kuondoka kimya hakumfundishi mtu. Mzee yule hajui hadi leo kosa lake ni lipi, maana kila aliyelijua alinyamaza au alinyamazishwa.

Kwa hiyo na yasemwe yale ambayo binti hakuyasema siku ile mashine zikitoka mlangoni:

Baba, walikuambia. Uliwajibu kabla hawajamaliza. Na mimi sikubaki kwa adabu. Nilibaki kwa sababu sikuwa na pa kupeleka kikombe changu.