Mwenye Kuingia Aingie

Wewe unayecheka, funga kwanza kinywa, nzi wasije kufanya matanga humo ndani. Ninajua aina yako. Mulikaa shuleni mpaka matako yakaota sugu, kisha mukarudi kutuambia kwamba jini ni moshi wa makala. Sawa. Mimi nilisoma miaka tano tu, lakini pua ninayo, na pua haiombi diploma. Kile kitu nilikinusa. Kama huwezi kukaa kimya usikie, Kitshanga iko na barabara. Tembea.

Ilikuwa nyumba ya Narcisse, mutoto wa kaka yangu, nyuma ya soko la ng'ombe. Narcisse anauza dawa za mifugo: ya kupe, ya minyoo, ya ng'ombe aliyekataa kuangusha kondo. Bibi yake Uwimbabazi alikuwa na mimba ya miezi nane, na mimba mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika mbele ya hiyo. Hakutaka mambo mengi. Alitaka ajifungulie hospitali, Mweso, kisha arudi na mutoto katika nyumba yake mwenyewe, kwa kitanda chake, kwa mulango wake. Mimi shangazi nilikuja kumusaidia maji na jiko. Njo maana niliona yote.

Kila siku ya Mungu, kisha misa, wanaume wanne walikaa saloni kucheza karata, ule muchezo wa poka. Narcisse mwenyewe, Sebarenzi muuza fromaji, ile jibini ya hapa kwetu, Mwalimu Twizeyimana, na Habumugisha wa pikipiki. Narcisse njo alikuwa benki. Ngoja nikueleze, maana hapa njo kitu kilipitia. Muntu analeta elfu tano za franga. Narcisse anazitia ndani ya mukebe wa biskuti, anamuhesabia maharagi makumi tano, kila haragi franga mia. Ndani ya kaye, daftari lake, anaandika jina la muntu na kijiti kimoja pembeni. Maharagi yakimwishia, analeta elfu tano zingine, anapewa maharagi mengine, kijiti cha pili. Hiyo wanaiita kuingia. Jioni kila mumoja anarudisha maharagi aliyobaki nayo, analipwa, na Narcisse anaandika mbele ya jina lake: ametoka. Wote wakisha kutoka na mukebe ukibaki mutupu, benki imefungwa. Watu wazima wenye ndevu, wanahesabu maharagi ambayo mwanamuke angepika.

Siku hiyo mvua ilipiga toka asubuhi, na ukungu ulishuka mpaka kwenye kizingiti. Mulango ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi wa mbabula, jiko la makala. Habumugisha alikuwa hajafika, kiti chake kitupu. Narcisse alichanganya karata, akainua kichwa, akaita kuelekea inje:

"Mwenye kuingia aingie!"

"Narcisse," nikamwambia, "ita muntu na jina lake."

"Shangazi, si iko Habumugisha tu?"

"Basi sema Habumugisha."

"Atasikia."

Mwalimu akacheka na meno yote. "Mama, ukungu ni maji. Maji haiko na masikio."

Kwetu, toka nikiwa mutoto, hakuna muntu anayeita ndani ya ukungu bila jina. Unasema: fulani, ingia. Ao unauliza: nani uko pale? Maana kile kisicho na jina, ukikiita bila jina, kinajua umekiita chenyewe. Lakini hawa walikuwa wamezoea kusema "ingia, ingia" juu ya maharagi yao mpaka wakasahau kwamba neno hilo liko na mulango.

Habumugisha akafika kisha saa nzima, anatiririka maji. Akaenda kwenye kiti chake, akashika, akarudisha mukono haraka.

"Nani amekojoa hapa?"

"Wewe njo umelowa, kaka," Sebarenzi akamujibu. "Usitutafutie maneno."

"Maji ya mvua haivutike hivi." Akaonyesha vidole. Kati ya kidole na kidole kulikuwa na uzi mweupe, kama mate ya ndama. Akajifuta kwenye suruali, akakalia bido, dumu la maji.

Jioni Narcisse akafunga hesabu. Vijiti sita kwa majina manne: maharagi mia tatu, franga elfu makumi tatu. Wakahesabu meza: maharagi mia tatu na makumi tano. Wakahesabu mukebe: elfu makumi tatu na tano.

"Hesabu iko sawa," Mwalimu akasema polepole. "Watu njo hawako sawa."

Chini ya majina manne, ndani ya kaye, kulikuwa na musitari wa tano. Jina hakuna. Kijiti kimoja. Na mwandiko ulikuwa wa Narcisse.

"Nani aliingia?" akauliza. Maharagi makumi tano yalikuwa mbele ya kile kiti, yamelowa, maganda yamelegea, kama yale yanayotoka kinywani mwa muzee aliyeshindwa kuyatafuna. Na ndani ya mukebe, noti kumi za mia tano zilishikana kwa utelezi. Uwimbabazi alizisogelea, akakimbilia inje kutapika. Narcisse anajua harufu ya kondo lililooza ndani ya ng'ombe siku tano, mukono wake unaingiaga humo mpaka kwenye kiwiko, lakini hata yeye alifunika pua.

Unafikiri waliacha? Mwanaume akiona mavi njiani, anarudi kesho kuangalia kama bado iko.

Siku ya Mungu iliyofuata hakuna aliyeita. Mulango ulifungwa, mvua ilikuwa imepumzika, na kile kiti Narcisse alikisugua na sabuni akakiweka pembeni kabisa, karibu na ukuta. Walipiga mizunguko miwili, mitatu, wanajilazimisha kutaniana, mpaka Sebarenzi akanyamaza katikati ya neno, kwa kuwa kiti kilikuwa mezani, na hakuna aliyekiona kikitembea, na mbele yake kulikuwa na maharagi, na maharagi yalikuwa yanapungua mojamoja na kurudi mojamoja, kila moja likirudi jeupe na laini, na toka pale kulikuja sauti ndogo, nyu, nyu, nyu, ya ndama anayenyonya chuchu kavu, sauti ya midomo bila meno, wakati karata tano zilizolala kifudifudi zikijifunua pembe, pembe tu, kama muntu anayechungulia, kisha maharagi kumi yakasukumwa mbele katikati ya meza yakiburuza njia ya mate nyuma yao, na mate yakafika kwenye mukono wa Mwalimu, naye hakuweza kuuondoa.

"Imeongeza kumi," Narcisse akanong'ona. Shingo yake ilikuwa na jasho. "Mwalimu, unafuata ao unaacha?"

"Narcisse, uko mugonjwa?"

"Ninauliza. Unafuata ao unaacha?"

Sebarenzi akasimama. "Batu bangu, mimi ninauza fromaji. Kuoza ninakujua. Hii si kitu kimeoza. Hii ni kitu kinaishi." Akaenda. Mwalimu naye akaenda, kofia akaiacha. Habumugisha alipiga pikipiki teke nne mbele haijawaka, na kila teke alitaja jina la Bikira Maria.

Toka siku hiyo hawakurudi. Lakini vijiti viliendelea.

Kila asubuhi ndani ya kaye kulikuwa na vijiti vipya, na ndani ya mukebe noti za utelezi. Narcisse alizitandika juu ya taulo la bibi yake, akazipiga pasi ya makala. Moshi uliotoka pale ulishika kwenye mapazia, kwenye sombe tuliyopika, kwenye nguo alizoshona Uwimbabazi kwa ajili ya mutoto. Nilizifua mara tatu. Zilinuka mara tatu. Lakini sokoni zile noti zilipita. Akanunua mabati kumi na telefone ya kioo kikubwa.

"Franga haina pua, Shangazi," akaniambia.

"Mimi niko nayo. Kitupe kile kiti."

"Benki haifungwe na muntu iko na maharagi mezani. Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

Alikuwa anatafuna kitu. Si kutafuna: alikuwa anakigeuzageuza shavuni.

Kesho yake Uwimbabazi alinifuata kwenye kisima, akanishika kanga.

"Shangazi, usipaze sauti. Analala na maharagi mu kinywa."

"Ya nini?"

"Anasema anayalainisha. Mwenye kile kiti haiko na meno." Akameza mate, akafumba macho. "Na jana alinishika tumbo. Akaniuliza: mutoto naye haiko na meno, si njo vile? Akacheka. Shangazi, yeye hachekaga vile."

"Maji yako iko wapi?"

"Nini?"

"Bido. Jaza, asijue tumesema nini. Tunaenda kutafuta muntu."

Katekista alikuwa amekwisha kuja. Aliimba, akamwaga maji ya baraka, akapewa kuku, na usiku huo vikaandikwa vijiti sita. Basi nikamutuma Habumugisha mpaka Kibabi kumuleta Mukasine, mujane wa miaka yangu, anayetoa watu mambo ya namna hiyo kwa majani na kwa ukali. Alishuka kwenye pikipiki akisema matusi juu ya matuta ya barabara. Akaingia saloni, akanusa mara moja, akakataa kiti.

"Huyu nani alimwita?"

"Mimi," Narcisse akasema. "Lakini nilikuwa ninaita muntu mwengine."

"Akalipa?"

"Kila mara."

Mukasine akanigeukia. "Njo maana maombi haikufanya kitu. Maombi inafukuza mwizi. Huyu alilipa. Aliingia kwa hesabu, atatoka kwa hesabu. Benki imurudishie yote aliyotia, franga safi, na mwenye benki aandike na mukono wake neno lile munaandikaga: ametoka. Siku hiyohiyo anaenda. Mukikawia, atanunua nyumba kijiti kwa kijiti, na watu wako ndani."

Tukahesabu. Vijiti makumi nne na moja. Elfu mia mbili na tano.

Narcisse hakuwa na kitu. Franga yote ilikuwa juu ya paa, mabati mapya, inang'aa mvua. Njo Uwimbabazi aliuza mbuzi wake wawili, wale aliopewa na mama yake, akafungua kitambaa cha franga za hospitali, akakifungua chote mpaka sarafu za kale ambazo hazinunue kitu. Hakulia. Alisema tu, "Nitazaa hata chini ya muti, lakini nirudi ndani ya nyumba safi."

Jumamosi muchana tukakaa mezani. Franga zilipangwa mbele ya Narcisse, kavu, zenye harufu ya soko, harufu nzuri ya jasho na samaki. Kile kiti kilikuwa ng'ambo. Nyu, nyu, kilikuwa kinanyonya polepole, kama muntu anayesikiliza. Uvundo ulikuwa umejaa mpaka uliuonja kwenye ulimi. Mukasine alichoma majani yake na kumupa Narcisse biki.

"Tia franga upande wake. Andika."

Narcisse akatema maharagi kwenye kiganja, manne, tano, yenye uzi wa mate, akayapanga vizuri pembeni. Midomo yake ilikuwa imeingia ndani kama ya kizee, na alikuwa na miaka makumi tatu na moja. Akavuta kaye. Uwimbabazi akamushika mukono juu ya kifundo, polepole, vile unamusaidia mutoto kuandika a.

"Andika, papa. Neno moja. Kisha nitakupikia uji."

Akamwangalia, na ninakuapia machoni alikuwa bado yeye. Alimujua. Akaangalia franga. Akaziangalia sana, zile noti kavu, akazigusa, akazilinganisha pembe na kidole gumba. Kisha akazitia ndani ya mukebe, akafunika, akaandika kwa muda murefu, zaidi ya neno moja.

Nilisoma juu ya bega lake. Miaka tano ya shule ilinitosha. Alikuwa ameandika: Uwimbabazi. Na pembeni, vijiti makumi nne na moja, vimenyooka, vizuri, kazi ya muntu anayependa kazi yake.

"Karibu, mama," akamwambia kwa upole. "Umelipa."

Toka ng'ambo ya meza maharagi yakaanza kuja. Hakuna mukono. Rundo zima, jeupe, limelowa, likajiburuza juu ya mbao na kusimama pale tumbo la Uwimbabazi liligusa meza, na moja likaanguka kwenye mapaja yake na kushikamana na kanga.

Mukasine akakusanya majani yake, hata yale yaliyokuwa bado yanawaka.

"Mimi ninatoaga jini," akasema. "Muntu sitoe." Akaenda, na hakuomba hata franga za pikipiki.

Uwimbabazi hakusogea. Alikuwa anaangalia kaye kana kwamba ni kitu kilichomushika muguu.

"Shangazi," akanong'ona, "nitatoka namna gani? Hajaandika."

"Kwa miguu."

Nikamushika chini ya kwapa, nikamusimamisha na tumbo lake lote. Lile haragi nililibandua na ukucha wangu, kisha nikaushika mukono ule mbali na mwili; mpaka leo ninakumbuka. Hatukuchukua nguo; zilinuka. Hatukuchukua mukebe. Tukapita karibu na Narcisse, naye alikuwa anachanganya karata, anagawa kwa watu watatu: yeye, kile kiti, na bibi yake. Uwimbabazi akasimama kidogo kwenye kizingiti, muntu ni muntu, akangoja kama atasema neno.

"Shangazi," Narcisse akaita bila kugeuka, "mufunge mulango. Baridi inaingia."

Nikaufunga, na kwa inje nikazungusha waya kwenye musumari.