Mnada Kwenye Jiwe la Ukoo

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro jioni, siku ya Alhamisi. Viki alibeba begi la mikoba mgongoni, akamwambia mdogo wake, Devotha, avae viatu waondoke.

"Mnakwenda wapi na matakataka hayo?" aliuliza shangazi Hedwiga, amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Juu kidogo, shangazi. Huku chini mtandao hamna."

"Juu kidogo ni wapi?"

Viki alishafika uwanjani. Alikuwa amekuja kijijini, kule juu ya Gonja, kwa sababu moja tu: sendofu ya Devotha, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi. Angekuwa nyumbani kwake Same mjini asingeulizwa maswali na mtu. Lakini biashara haisubiri sherehe, na wateja wake walishazoea. Kila Alhamisi magharibi anafungua laivu kwenye simu, anaonyesha mkoba, watu wanapandishiana dau, wa mwisho anachukua. Mikoba yenyewe ilitoka Dar kwenye maboksi, haina jina. Jina alilibandika mwenyewe kwa gundi, herufi za dhahabu za Kiitalia, kisha anaapa ni ori, mzigo halisi, bila kupepesa macho. Haya hana, tuseme ukweli.

Magharibi alikuwa na sababu ya kuipenda. Jua la mchana linaumbua mshono. Taa ya umeme inaifanya lebo ing'ae kama bati jipya. Ila ile nusu saa ya giza kuingia inasitiri kila kitu, na mteja anaona anachotaka kuona.

Mtandao mzuri ulipatikana mahali pamoja tu. Palikuwa kwenye mpungi, kijisitu cha ukoo wao, ambamo zamani mafuvu ya mababu yaliwekwa ndani ya vyungu. Kwenye ukingo wake kuna jiwe pana, bapa. Watoto wa ukoo huambiwa wasilikalie. Viki aliambiwa hivyo tangu hajaota meno ya pili, na leo alilitandikia kitambaa cheupe akapanga mikoba sita juu yake.

"Dada, tungefanyia pale njiani," alisema Devotha.

"Njiani kuna vumbi. Nyoosha mkono."

Devotha ndiye aliyeshika mkoba mbele ya kamera. Alikuwa na mikono mizuri, vidole virefu, kucha zimeshapakwa rangi ya harusi. Sura yake haikuonekana kwenye laivu. Mkono tu, na mkoba.

"Karibuni, wapenzi," Viki aliimba. "Unachokiona ndicho unachopata. Mzigo halisi. Nani anaanza?"

Madau yakaanza. Watu mia mbili na kitu walikuwa wakitazama. Kisha ikaingia akaunti moja isiyo na picha. Jina lake lilikuwa nukta. Nukta moja, basi.

*Ninachokiona ndicho ninachopata?*

"Ndicho hicho hicho, mpenzi."

*Sema kwa sauti. Halisi?*

"Halisi. Nimesema. Unachokiona hapa ndicho utakachopata, mimi si mwongo."

Upepo ukakata. Ndege waliokuwa wakigombania matawi wakanyamaza wote kwa pamoja. Nukta akapandisha dau mara tatu ya wengine, na palepale simu ikalia kuwa muamala umesoma, hela imeingia.

"Asante sana. Nikutumie wapi?"

*Tumeshapokea.*

Viki akautazama mkoba. Ulikuwa bado unaning'inia mkononi mwa Devotha.

"Zima," Devotha alinong'ona. "Dada, zima hiyo simu. Mkono wangu siusikii."

Nyumbani, chini ya taa, ndipo walipoona. Kiganja cha kulia cha Devotha kilikuwa tupu. Hakuna mstari hata mmoja. Hakuna alama kwenye ncha za vidole. Kilikuwa laini na baridi, vidole vilijikunja vyema, na ukikisogeza puani… harufu ya gundi.

Devotha alianza kulia. Shangazi Hedwiga hakumbembeleza. Alikibonyeza kile kiganja kwa kidole gumba, akakiachia.

"Mlisema nini kule?"

"Tuliuza tu, shangazi," alisema Viki.

"Nimeuliza mlisema nini."

Viki akaeleza. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, uso umekaza kama ugomvi wa mashamba umeanza upya.

"Babu zako hawakuandikiana karatasi. Neno likisemwa pale juu linadaiwa. Umewaambia watapata wanachokiona, na wameona mikoba ya uongo na mkono wa kweli. Sasa wamechukua upi?"

"Akina nani?"

"Wa ukoo. Au hao wachawi wanaosemekana wanalala pale siku hizi. Sijui, na sikutaka kujua mpaka uliponiletea nyumbani kwangu. Wamechukua cha kweli, wamekuachia cha kufanana nacho. Si ndiyo biashara yako?"

"Atapona?"

"Kesho magharibi watakuwa wamemchukua mzima. Rudi ukalifute neno lako kwa mdomo ule ule, palepale, saa ile ile, mbele ya wale wale. Na usinitazame hivyo. Ningekuwa na uwezo ningekuacha wewe kule."

Asubuhi ya Ijumaa Devotha hakulia tena. Aliamka akitabasamu. Shingo yake ilikuwa laini, bila mkunjo wala kipele. Alifagia uwanja, akachota maji, akaitikia kila alichoambiwa. Majirani waliokuja kusaidia mapishi walimsifu kwamba bibi harusi ametulia. Viki alimshika bega akamwita jina, na yule msichana akageuka polepole, akasema, "Abee, dada," kwa sauti ya Devotha kabisa. Pumzi yake ilinuka gundi. Viki aliliachia bega upesi.

Alimpenda mdogo wake, asidhaniwe vinginevyo. Alimlea tangu mama yao afariki. Lakini pia aliipenda biashara yake, na ndiyo maana magharibi ilipofika, akiwa peke yake mbele ya jiwe, alijaribu kupiga chenga.

"Nilidanganya," alinong'ona kwenye vichaka, simu ikiwa mfukoni. "Mikoba ni feki. Nisameheni. Mrudisheni."

Akageuka aondoke.

Simu ikatetemeka mfukoni.

*Watu wako wapi?*

Alikosea kubonyeza mara mbili. Laivu ikafunguka. Wateja wakamiminika wakidhani kuna mzigo mpya: mia moja, mia mbili, mia tatu.

"Jamani," alisema. "Mikoba yangu ni feki. Yote. Tangu mwanzo. Lebo nazibandika mwenyewe. Nimewadanganya, na hapa nimedanganya zaidi. Nalifuta neno langu."

Matusi yakaanza kushuka kama mvua ya mawe. Mwizi. Tapeli. Nirudishie hela yangu. Viki hakuyasoma. Alikuwa akitazama neno moja katikati yake.

*Sawa.*

Wakati huohuo ikaingia simu ya shangazi.

"Kile kitu kimetoka," shangazi alisema, anahema. "Kilikuwa kinakata vitunguu. Kimeangusha kisu, kimetoka mbio njia ya huko. Viki, kuwa na akili."

Simu ikakatika. Majani yakachakacha upande wa kushoto, kisha kulia, kisha nyuma ya jiwe.

Walitoka watatu.

Devotha watatu. Kitenge kilekile cha bluu, kucha zilezile za harusi. Walisimama ukingoni mwa miti, hatua kama kumi kutoka alipokuwa, mikono wameinyoosha mbele, viganja chini. Kama Viki alivyomwambia anyooshe jana.

*Chagua. Usishike. Chagua kwa macho, kama wateja wako.*

Viki akainua simu amulike. Taa haikuwaka. Wateja waliobaki kwenye laivu walikuwa wakiandika, dada mbona unatuonyesha vichaka vitupu?

Mwanga ulikuwa ule ule anaoupenda, ule unaositiri. Alikodoa macho. Wa kwanza alikuwa akitabasamu, huyo hapana. Wa pili alikuwa akilia kimya, kamasi zinamtoka, kandambili moja imekatika. Wa tatu alikuwa amenuna tu, anamtazama kwa hasira, na hasira hiyo Devotha alikuwa na haki nayo.

"Devotha," alinong'ona. "Sema kitu."

Hakuna aliyesema.

Alifikiri haraka. Feki hutengenezwa ili ipendeze. Hakuna anayeighushi kamasi, hakuna anayeighushi kandambili iliyokatika. Lakini hata yeye, mwaka jana, hakuwahi kuukwaruza mkoba kwa wembe ili uonekane umetumika Ulaya? Aliwahi. Na uliuzika upesi.

Giza lilikuwa linawameza. Sura zilianza kufutika.

"Huyo," alisema. "Wa katikati."

Akamwendea, akamshika mkono. Ulikuwa wa joto. Alikisugua kiganja kwa kidole gumba, akaisikia mistari, yote. Akashusha pumzi kwa kishindo, akamvuta, wakaanza kushuka kijia wakikimbia.

Ndipo sauti ikaja nyuma yao.

"Dada. Si huyo."

Viki akasimama.

"Dada Viki, si huyo. Mimi huku. Wananishika. Dada."

Sauti ya Devotha. Si ile ya upole ya asubuhi. Ilikuwa imepasuka, imejaa hofu. Kisha ikaungana nayo ya pili, hiyo hiyo, maneno hayo hayo, kama mtu anajifunza.

Ule mkono aliokuwa ameushika ukamkaza.

"Usigeuke," alisema huyo aliye naye. "Tutembee."

Walitembea. Viki alilia njia nzima, na hakugeuka. Shangazi Hedwiga alikuwa mlangoni na taa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akakifunua kile kiganja, akakisoma kwa muda mrefu. Mistari ilikuwepo. Harufu haikuwepo. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliwaingiza ndani akaweka komeo.

Jikoni wanawake walikuwa wakichambua mchele wa kesho. Wakamkaribisha bibi harusi kwa vigelegele, wakamfuta machozi, wakamcheka kwa uoga wa ndoa. Alikula. Alilalamika chumvi imezidi. Viki alikaa kando yake, magoti yamegusana, na kwa mara ya kwanza tangu jana moyo wake ulianza kutulia.

Mlango ukagongwa.

Uligongwa taratibu, kwa chini, kama na mtu aliyechoka kusimama.

"Viki," sauti ikanong'ona kwenye upenyo. "Nifungulie. Baridi."

Wale wanawake hawakuinua hata vichwa. Shangazi aliinua, akamtazama Viki, akangoja. Na yule aliyekuwa akila akaweka tonge chini, akauchukua mkono wa dada yake, akaubana kwa upole katikati ya viganja vyake viwili vya joto.

Nje, kilio kikaanza. Viki alikisikiliza mpaka kikaisha, na hakufungua.