Bangili ya Damu na Mlenda wa Kwaresima

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, bangili iliyokuwa kwenye mkono wa kushoto wa Damari Chedego ilitetemeka mara tatu, ikasikiliza mapigo ya moyo wake, kisha ikapenyeza tone la dawa kwenye ngozi bila sindano wala maumivu. Taa yake ikawaka kijani.

"Mama Damari, damu yako iko sawa," ilisema kwa adabu. "Uwe na siku njema."

Damari alikuwa ameinama juu ya beseni, damu ikimtoka puani.

"Iko sawa?" aliiuliza. "Na hii ninayoiona ni ya nani?"

Bangili haikuundwa kujibu maswali.

Katika Dodoma ya miaka ile, karibu kila mzee mwenye moyo wa kurukaruka alivaa Bangili ya Damu. Wataalamu walieleza hivi: vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kupiga kwa mpangilio, damu hutuama humo kama maji ya dimbwi, ikaganda. Bonge likichomoka likakimbilia kichwani, hicho ndicho kiharusi. Dawa huilegeza damu isigande. Lakini dawa ikizidi, hata kijeraha kidogo hukataa kukauka. Bangili ilipita katikati ya hatari hizo mbili. Damu yenyewe bangili iliipima Alhamisi moja tu katika kila wiki mbili. Siku nyingine ilikisia, kwa jinsi ilivyomzoea mtu.

Damari aliipenda. Mumewe marehemu, Yona, hakuwahi kuivaa. Ilikuwa bado haijaletwa. Alikuwa akimega ugali, tonge likamdondoka, mdomo ukaenda upande, na kwa miezi minane Damari alimgeuza kitandani peke yake. Siku yeye mwenyewe alipovishwa bangili alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Yunisi, mke wa mwanawe, aliingia na kitambaa cha maji baridi.

"Mama, vua hilo dude!"

"Nivue, nipooze kama baba yenu?"

"Basi baki nalo, damu ikuishe!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Mimi hapa nilipo sijui kushoto wala kulia. Perusi naye, bangili yake ilikuwa kijani."

Perusi alikuwa jirani yake na mwenzake wa kwaya. Jumamosi alijigonga kichwa kwenye mlango wa jiko, akajicheka, akaenda kujilaza. Hakuamka. Walimzika jana, Jumatatu, na watu walisema ni presha.

Gari la wagonjwa lisilo na dereva liliwafikisha hospitali kabla chai haijapoa. Daktari Malogo, kijana mrefu mwenye macho ya usingizi, alimbana pua, akamchoma sindano, akasoma kipimo mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama nakufa, niambie. Kama sifi, niachie pua nipumue."

Daktari alicheka kidogo tu. "Damu yako imelegea kupita kiasi. Mama, tangu Pasaka umekula nini?"

"Wali na nyama ya mbuzi. Huyu Yunisi amenilisha kama anayetaka kuniozesha upya."

"Mboga za majani?"

"Mboga! Nani ale mboga siku za Pasaka? Nilizimaliza kwenye Kwaresima. Mlenda mchana, majani ya maboga jioni, kesho mlenda tena. Siku arobaini."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Majani hayo yana kitu kinachosaidia damu kuganda," alisema taratibu. "Bangili iliona damu yako inakuwa nzito, ikaongeza dawa kidogo kidogo, ikidhani ndivyo ulivyo. Pasaka majani yakakoma ghafla. Dawa haikupungua, maana Alhamisi ya kupima ilikuwa bado. Hata sindano niliyokuchoma ni kitu kile kile cha kwenye mboga."

Damari alijaribu kuyapanga maneno hayo, yakamteleza.

"Kwa hiyo nilikosea kufunga?"

"Hapana, mama."

"Nilikosea kufungua?"

"Hapana."

"Bangili ndiyo iliyokosea?"

"Ilifuata ilichofundishwa. Haikufundishwa Kwaresima."

"Basi kosa liko wapi, baba? Maana damu imemwagika, na si ya ndotoni."

Daktari alitazama ubao wa mwanga ukutani, wenye orodha ya wagonjwa. Tangu Pasaka wazee kumi na tisa wa mji ule walikuwa wameletwa wakivuja damu. Sita hawakurudi nyumbani.

"Na mwenzangu Perusi?"

"Yeye hakuletwa hapa," daktari alisema. "Alikula nini?"

Damari aliitazama bangili mkononi mwake.

"Juma la pili alitaka kuacha. Alisema tumbo lake limechoshwa na mlenda. Mimi nikamwambia, Bwana alivumilia jangwani bila chochote, wewe mwenzangu unashindwa na mlenda? Tukaendelea. Nilikuwa napika mimi. Bakuli langu na bakuli lake."

"Hukujua, mama."

"Najua sikujua. Ninachokuuliza ni hiki: neno hilo nililomwambia nalipeleka wapi?"

Daktari hakuivua bangili, maana bila dawa yangeweza kumpata yale ya Yona. Aliisimamisha kwa siku chache, akampima kila asubuhi, kisha akaiwasha upya kwa kipimo kidogo. Akamwambia mboga asiziache wala asizirundike. Ale kiasi kile kile siku zote. Mafundi nao wakaziongezea bangili zote za mji swali moja.

Wiki mbili baadaye, baada ya chakula cha mchana, bangili ilitetemeka.

"Mama Damari, leo umekula nini?"

Damari alitazama meza. Mkono wake ulikuwa umefuata mazoea: bakuli lake lilikuwa tupu, na jingine, lililojaa, bado lilikuwa likifuka mvuke upande wa pili, alipozoea kuketi Perusi.

"Mlenda," alijibu. "Bakuli moja."

Taa ikawaka kijani. Hakuiamini, wala hakuivua. Alilifunika bakuli la pili kwa sahani, akaketi karibu nalo.