Chai ya Kizibo

— Mwanaume mzima anatambaa chini kama kiboko, ndiye unataka akuoe?

Mbeyu alikuwa anafua uani. Hakugeuka.

— Gershom anachezesha watoto, mama. Watoto na wazazi wao pamoja. Ndiyo kazi yake.

— Kazi! Kazi ni jembe. Kazi ni lori, kama la Masha.

Mama Zipporah alikuwa na sababu ya kuogopa. Oliver, baba wa mjukuu wake Truphena, alitoka asubuhi kwenda Madogo kutafuta kibarua, Mbeyu tumbo liko juu. Hakurudi, hata simu hakupiga. Tangu hapo binti na mjukuu walilelewa kwa samaki wa kukaanga aliouza Zipporah hapo Garsen. Sasa Masha mwenye lori anataka kuleta wazee wa posa. Angekataaje?

— Mama, Masha alipokuja, Truphena alimpa chai. Unakumbuka alifanya nini?

Zipporah alikumbuka. Mtoto alimletea mgeni kizibo cha soda, kitupu, akasema, "Karibu chai." Masha akakipiga teke. "Mtoeni huyu mtoto, tunaongea mambo ya watu wazima." Zipporah mwenyewe alicheka, akamtoa mtoto nje.

— Kile kilikuwa kizibo, Mbeyu. Hakukuwa na chai.

— Haya, mama.

Jumamosi simu ya Zipporah ikalia ujumbe. Masha:

"Mama kesho asubuhi tunakuja. Mtoto apelekwe kwa jirani, wazee hawapendi kelele."

Ujumbe haukumpendeza, lakini akajikaza. Akampigia Mbeyu. Simu haishikwi. Akajua yuko wapi. Akajifunga leso yake ya buluu, akatoka mbio mpaka ukumbi wa kanisa, kwenye michezo ya Gershom.

Loo! Aliyoyakuta humo. Mkeka mkubwa umetandikwa, wazazi na watoto wamejaa. Duba, yule mfugaji ambaye akipita sokoni watu wanampisha njia, alikuwa amepiga magoti analia "mooo", mwanawe kampanda mgongoni. Benchi limepinduliwa, limekuwa mtumbwi. Gershom ameshika ufagio ndio kasia, na nyuma yake wamekaa Mbeyu na Truphena.

Zipporah akaingia na ndala zake mpaka katikati.

— Mbeyu! Inuka twende nyumbani!

— Amekanyaga mkeka! watoto wakapiga kelele. Amekanyaga! Yumo!

Maana sheria ya Gershom ilikuwa hiyo moja tu, na watoto ndio askari wake: akanyagaye mkeka yumo mchezoni.

Truphena akaitazama ile leso ya buluu.

— Nyanya ndiye mto!

— Mimi si mto, mimi nimekuja...

— Nyanya, simama vizuri. Wewe umejaa, unapita kwa nguvu.

Mbeyu akaficha uso kwa viganja. Gershom akainamisha kichwa kwa heshima.

— Hodi, mama mto. Nina abiria wawili, mkubwa na mdogo. Tunaomba njia.

— Hupiti!

— Kwa nini? wakauliza watoto kwa pamoja.

Zipporah alitaka kuondoka. Mdomo ukamtangulia.

— Kwa sababu alikuja mwingine na mtumbwi wake. Akawaacha katikati ya maji, akaenda zake!

Duba akaacha kuwa ng'ombe.

— Walizama? akauliza mtoto mmoja, taratibu.

— Hawakuzama. Niliwabeba mimi.

Mwanaume mwingine angejitetea, angeapa kwa Mungu. Gershom alishuka mtumbwini akakaa chini, miguu ameikunja.

— Basi nitangoja hapa ukingoni. Kwetu Ngao hatugombani na mto, mama. Ukijaa tunasogea, ukishuka tunapanda mpunga.

Truphena akamwonea huruma. Akatoa kizibo chake mfukoni.

— Karibu chai.

Gershom akanawa mikono kwanza, kwa maji yasiyokuwepo. Akapokea kizibo kwa mikono miwili. Akapuliza. Akaonja.

— Mmh! Sukari imezidi.

— Nyanya anapenda hivyo!

— Kumbe? Basi hii iliyobaki mpelekee. Amesimama kitambo, na ndiye aliyewabeba.

Mtoto akaja polepole, ulimi nje, macho kwenye kizibo, asimwage tone. Zipporah akaona tena mguu wa Masha. Akasikia tena kicheko chake mwenyewe siku ile. Akainama akapokea, akapuliza, akanywa.

Akainua pindo la leso yake juu.

— Piteni basi, kabla sijabadilisha nia. Lakini wewe Gershom, ukiwaacha katikati...

— Utanizamisha, mama.

— Tena kwa mikono yangu!

— Vuta kasia! watoto wakashangilia. Duba akalia "mooo" mpaka mabati yakaitika. Mbeyu alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Simu ya Zipporah ikaita. Masha.

— Mama, mtoto mshampeleka kwa jirani?

— La, mwanangu. Mtoto anakaa kwao. Wewe ndiye usije.

— Kwani nimekosa nini?

— Ulimwaga chai.

— Chai gani?

— Ndiyo hiyo, mwanangu. Kwaheri.

Harusi ilifanyika Ngao baada ya mavuno. Kabla soda hazijafunguliwa, Truphena alimpelekea bwana harusi kizibo, mbele ya wazee wote, naye akanawa mikono kwanza.

Mama mwenzangu unayesoma hapa, binti yako akiletewa mchumba, usikimbilie kutazama lori. Mpe mtoto kizibo kitupu ampelekee mgeni. Kisha simama mlangoni, utazame.