Utamlea Mwenyewe

Haya yalimpata aliyekuwa mume wa shangazi yangu, na mimi nilikuwepo, nimeshika jembe.

Ilikuwa Jumamosi tulivu. Kikundi chetu cha kujitolea kilikuwa kinang'oa magugu vamizi katika msitu mdogo ulio nyuma ya nyumba zetu, yale yenye maua ya njano na waridi yanayopendeza macho na kuua kila kilicho chini yake. Tuling'oa, tukakung'uta udongo, tukayaning'iniza matawini, mizizi juu, yasije yakashika ardhi tena. Mume huyo, tuliyezoea kumwita Kamanda, ndiye aliyetuongoza. Seremala, jirani yake, alisema magugu yale yana mkosi, kukutana na mstaafu asiye na kazi nyumbani. Tukacheka. Hata Kamanda.

Shangazi akaja, akasimama mbele ya kichaka kimoja. Chini yake alikuwa amezikwa mwanawe mchanga. Usiku ule wa homa, zamani, Kamanda alikuwa na gari mlangoni. Alikataa kumpeleka mtoto hospitali, akidai si damu yake. Hata mazishini hakutokea. Shangazi alifukia kaburi, akapanda ua hilo juu yake.

Sasa alimwomba, kwa sauti ya chini, akiache hicho kimoja tu. Kamanda akamjibu kuwa gugu ni gugu. Akainama, akaanza kuvuta.

"Sikulipanda ili nimkumbuke," shangazi alinong'ona. "Nililipanda limshikilie. Muda wote anakutafuta wewe."

Shina likatoka. Mizizi ilikuwa imesokotana kama kikapu. Ndani hamkuwa na kitu. Nikapitisha mkono. Mlikuwa na joto.

"Basi," shangazi akasema, "utamlea mwenyewe, baba yake."

Tukirudi, Kamanda alitembea ameinama. Seremala akamuuliza kama uzee umemdandia njiani. Mikono yake ilikuwa nyuma, kiunoni, imefumbatana, kama anayezuia kitu kisidondoke.

Tangu hapo hakutoka nje. Majirani walisikia kilio chembamba, mchana kweupe. Walimwona dirishani akienda. Akirudi. Akibembeleza. Hakula. Hakulala. Mwishowe alimwita seremala dirishani, akamtuma kwa shangazi: amwambie amekiri, mtoto ni wake, aje amchukue.

Nilikuwa jikoni seremala alipofika. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mwambie akilia sana, ambebe."

Kesho yake kukawa kimya. Tukavunja mlango. Kamanda alikuwa ameketi kitini, amekufa, macho wazi, mikono imekunjwa kifuani kama anayepakata. Tulijaribu kuinyoosha. Haikukubali.

Nilikimbia kumwarifu shangazi. Nilimkuta mlangoni, bibi wa wajukuu, anayumbayumba taratibu, mikono mitupu.

"Najua," alisema. "Punguza sauti, ndiyo kwanza amelala."

Kwenye blauzi yake, iliyopigwa pasi asubuhi hiyo, palikuwa na madoa mawili ya maziwa. Yalikuwa yanazidi kutanuka.